Kusindika Mazao Bukoba na Muleba: Thamani Isiondoke na Gunia

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu na watumishi)



Ipo mikoa ambayo mtu hawezi kuitaja bila kutaja chakula chake. Kutaja Bukoba na Muleba ni kutaja ndizi, kahawa, senene na samaki wa Ziwa Viktoria. Mvua ya mwambao huo hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ni maeneo machache ya Tanzania yenye bahati ya namna hiyo. Shamba la kibanja, lenye mgomba juu, mbuni katikati na maharage chini, limewalisha watu wa huko kwa vizazi vingi.

Hata hivyo, anayesimama kando ya barabara na kuyatazama magari yanayotoka Bukoba Mjini, Kamachumu na Muleba ataona jambo la kufikirisha. Ndizi huondoka zikiwa katika mikungu yake, kahawa huondoka ikiwa ndani ya magunia, na dagaa huondoka wakiwa wamekaushwa tu. Magari yale yale yakirudi huleta biskuti, juisi za pakiti, unga wa uji wa watoto na vitafunio vilivyotengenezwa mbali. Mkulima aliyeuza mkungu hununua kwa fedha ile ile kitu kidogo kilichofungwa vizuri.

Swali la mazungumzo haya ni hili: ni sehemu gani ya thamani ya mazao hayo inayoweza kubaki Bukoba na Muleba, kwa njia gani, na kwa kuanzia wapi? Swali hili linawahusu walimu na watumishi kuliko wanavyodhani, kama itakavyoelezwa mbele.

KAZI ISIYO NGENI

Kusindika chakula si elimu iliyoletwa Kagera kwa meli. Zamani, kabla ya ukoloni, Wahaya walichuma buni changa za kahawa, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazianika na kuzihifadhi. Hiyo ndiyo kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hukaribishwa nayo kabla ya neno lolote. Ilitunzwa katika vikapu vidogo vilivyosukwa kwa ustadi, ikadumu kwa muda mrefu bila kuharibika, na ikafanyiwa biashara hata nje ya nchi ya Wahaya. Zao, ufundi, chombo cha kufungia na mteja, vyote vinne vilikuwapo.

Ndivyo ilivyo kwa rubisi. Ndizi huivishwa, humenywa, hukandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke, huchujwa, huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa zichachuke. Ndivyo ilivyo kwa senene pia: huondolewa mbawa na miguu, hutiwa chumvi, hukaangwa au hukaushwa, na huweza kuliwa miezi kadhaa baada ya msimu wake kupita.

Katika kazi hizi zimo kanuni zote kuu za viwanda vya chakula: kuondoa maji, kutia moto, kutia chumvi na kuchachusha. Kilichopungua ni mambo matatu, nayo ni kipimo kisichobadilika, usafi unaoweza kuthibitishwa, na kifungashio kinachostahimili safari. Mwenye kuyapata hayo matatu amepata kiwanda, hata kama kiko katika chumba kimoja. Asiyekuwa nayo hana kiwanda, hata kama amejenga jengo kubwa na kulipaka rangi.

FUNZO LA KAHAWA

Wakulima wa kahawa wa Bukoba wana historia ndefu ya kudai haki ya jasho lao. Mwaka 1937 walipinga hadharani kanuni za kahawa za serikali ya kikoloni. Mwaka 1950 chama kikuu chao cha ushirika kiliandikishwa. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982, na leo KCU, yaani Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, ndicho kinachoendeleza urithi huo.

Mjini Bukoba kipo pia kiwanda cha TANICA, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji moto, na KCU ni miongoni mwa wenye hisa wake. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba wazo la kuongeza thamani ya kahawa ni jipya Bukoba. Lina zaidi ya nusu karne. Pamoja na hayo, sehemu kubwa sana ya kahawa ya Tanzania bado huuzwa nje bila kukaangwa. Ni lazima kuuliza kwa nini.

Wengi hujibu haraka kwamba nchi tajiri zimeweka ushuru mkubwa. Jibu hilo halitoshi. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umeziruhusu nchi zenye maendeleo madogo zaidi, Tanzania ikiwamo, kuingiza bidhaa zote isipokuwa silaha bila ushuru. Mlango wa ushuru haukufungwa. Vizuizi viko kwingine.

Kwanza, kahawa iliyokobolewa huweza kukaa ghalani miezi mingi, lakini kahawa iliyokaangwa na kusagwa huanza kupoteza harufu yake mara moja. Safari ya baharini ya majuma kadhaa humtia hasara anayekaanga Bukoba kumpelekea mnywaji wa Hamburg. Pili, wakaangaji wa Ulaya huchanganya robusta na arabika za nchi nyingi ili kupata ladha yao wenyewe, hivyo hutaka malighafi kutoka kila mahali. Tatu, kutengeneza kahawa ya kuyeyuka kunahitaji boila, mitambo ya kukamua na ya kukausha, na umeme usiokatika. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda. Nne, wakati mwingine bei ya kahawa ghafi yenyewe hupanda mno. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la dunia ilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Mkulima alifurahi, na ilikuwa haki yake, lakini mwenye kiwanda alilazimika kununua kwa bei ya juu kabla hajauza hata kopo moja.

Kutokana na hayo, nafasi ya mjasiriamali mdogo wa Bukoba haiko katika kushindana na makampuni makubwa ya dunia ndani ya maduka yao. Iko karibu zaidi. Watanzania hunywa sehemu ndogo tu ya kahawa wanayoilima, na kila mnywaji mpya ni soko jipya lisilohitaji meli. Kijana anayepita na birika lake la kahawa juu ya makaa katika mitaa ya Dar es Salaam, Tanga au Mwanza hununua kahawa kila siku. Hoteli na migahawa hununua kila juma. Hawa wanahitaji kahawa iliyokaangwa juma hili, yenye ladha ile ile kila mara, na iliyofungwa kwa vipimo wanavyovimudu.

Afanyaye kazi hiyo hana budi kujua hesabu. Kilo 100 za kahawa safi zikikaangwa hutoa kilo 80 hadi 85, kwa kuwa maji na baadhi ya vitu vingine huondoka na mvuke. Anayepanga bei kana kwamba kilo 100 zitabaki 100 amekula mtaji wake kabla ya kuanza.

Lakini hakuna kiwanda kitakachosimama juu ya butura. Butura ni desturi ya mkulima kuuza kahawa yake ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini, kwa sababu ada ya shule au ugonjwa haukusubiri mavuno. Aliyekwisha kuuza maua hana tunda la kuanika vizuri, wala hana haja ya kulichuma likiwa jekundu. Atachuma yote kwa pamoja, mabichi na mabivu, akamalize deni. Ndiyo maana ubora wa kahawa ya kiwandani huanzia katika mkopo mdogo na nafuu ambao ungemwezesha mkulima kusubiri miezi michache. Usindikaji usioanzia hapo utaishia kulalamikia malighafi mbaya kila mwaka.

NDIZI: KUSAFIRISHA MAJI

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa katika Wilaya ya Muleba, kisha ukaenea mkoani na kuwafanya watu wang'oe migomba waliyorithi kwa babu zao. Mafundisho ya kukata ua dume na kusafisha visu kwa moto yaliokoa mashamba mengi. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo ya jamii Kagera uliosaidiwa na Ubelgiji ulisambaza aina mpya za migomba zilizotoka Honduras, zijulikanazo kwa jina la FHIA. Aina hizo huzaa mikungu mikubwa, ingawa mlaji wa matoke aliyezoea ndizi za asili ana maneno yake juu ya ladha. Kituo cha utafiti cha Maruku, kilichopo Bukoba, kimeendelea na kazi hiyo ya migomba.

Mkungu mkubwa usiopendwa sana mezani waweza kuwa malighafi bora kiwandani. Hii ni nafasi ya kweli, na sababu yake ni nyepesi. Ndizi mbichi ina ganda, na nyama yake sehemu kubwa ni maji. Kilo 100 za ndizi zilizotolewa mkunguni, zikimenywa, zikikatwa vipande vyembamba, zikikaushwa na kusagwa, hutoa takriban sehemu moja ya tano ya uzito huo kuwa unga. Gari linalobeba mikungu kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300, linabeba maganda na maji kwa gharama ya dizeli. Tena linabeba kitu kitakachoiva njiani au kuchubuka kabla ya kufika. Unga hauchubuki.

Unga wa ndizi hufaa kwa uji, na waweza kuchanganywa na wa ngano katika maandazi na biskuti. Juisi ya ndizi, ikichujwa vizuri, ikichemshwa kwa joto linalopimwa na kufungwa ikiwa moto, hukaa muda mrefu kuliko ile ya kibuyu. Ama kuhusu vinywaji vya kuchachusha, mfano uko Arusha. Kampuni ya Banana Investments, iliyoanza mwaka 1993, ilichukua pombe ya ndizi iliyojulikana na kila mzee wa kaskazini, ikaipima, ikaitia katika chupa na kuiuza dukani kwa kufuata sheria. Waliojua kutengeneza pombe ya ndizi walikuwa wengi kabla yake. Tofauti ililetwa na kipimo, chupa na leseni.

Hata hivyo yapo mambo mawili ya kuonya. La kwanza ni mvua ile ile inayositawisha migomba. Kukausha vipande vya ndizi juani katika mkoa wenye mvua nyingi ni kucheza kamari na ukungu. Kinachohitajika ni kaushio lenye paa linalopitisha mwanga, au lenye moto wa pembeni wakati wa mawingu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kupika. Mwenye kuuza unga usiokauka sawasawa anaweza kuuza kifo bila kukusudia.

La pili ni kuigana. Kikundi kimoja kikifanikiwa kuuza mvinyo wa ndizi, vikundi vingine ishirini huanzisha mvinyo wa ndizi katika tarafa ile ile, kwa chupa zile zile zilizookotwa, na vyote huuziana katika maonyesho ya Nane Nane. Hilo si soko. Wengine wafunge unga, wengine watengeneze kaushio, wengine walete vifungashio, wengine wachukue kazi ya kusambaza. Kiwanda hakifanywi na mtu mmoja.

ZIWA NA KISIWA

Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia miaka ya 1980 biashara yake ikakua kwa kishindo. Viwanda vya minofu vikajengwa kando ya ziwa, Mwanza, Musoma na Bukoba. Kisha mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu. Watu wachache waliotafuta njia ya mkato walifunga mlango wa maelfu waliovua kwa haki. Mlango ulifunguliwa tena baada ya serikali na viwanda kuimarisha ukaguzi, vipimo vya maabara na kumbukumbu za kila hatua tangu mwaloni hadi kwenye ndege.

Funzo hilo linafaa kila chakula. Katika biashara ya chakula jina ni la wote, na aibu ni ya wote. Mtungi mmoja wa asali iliyochanganywa na sukari, ukinunuliwa na mgeni, humfanya aitilie shaka asali yote ya mkoa.

Sangara ni samaki wa mwenye mtaji. Dagaa ni wa mwenye nguvu na maarifa. Visiwa vya Muleba, kama Goziba, Bumbire na Ikuza, vina wavuvi wanaovua dagaa usiku kwa taa, na asubuhi kazi ya kuanika huwa mikononi mwa wanawake wengi. Dagaa wabichi kilo tatu hadi nne hutoa kilo moja ya wakavu. Wakianikwa juu ya mchanga huokotwa na mchanga, na mvua ikinyesha mchana mzigo mzima huoza au hushuka hadhi na kununuliwa kwa chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya chanja zilizoinuliwa kutoka ardhini na kutandazwa nyavu, upepo hupita juu na chini, hukauka upesi, na mlaji hasagi mchanga kwa meno.

Chanja ni miti, misumari na wavu. Haihitaji mtaalamu wa kigeni. Lakini atakayeijenga lazima aone tofauti katika bei. Kama mnunuzi humlipa sawa mwenye dagaa wa chanja na mwenye dagaa wa mchanga, chanja itaoza. Hapa ndipo mwalo unapohitaji daraja za ubora zinazojulikana na wote, na mizani ya haki. Dagaa safi waliokaangwa, wakatiwa chumvi na kufungwa katika pakiti ndogo, ni chakula cha safari, cha bweni na cha mtoto. Aidha, Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ni mlaji mkubwa wa samaki wakavu.

Tena isisahauliwe kwamba katika samaki hakuna takataka ila kwa asiyejua. Mabondo ya sangara, ambayo zamani yalitupwa, leo hununuliwa kwa ajili ya soko la China, na kilo moja ya mabondo makavu hupita mara nyingi bei ya kilo moja ya minofu. Ni wajibu wa kila mwenye kazi kujiuliza anachokitupa kinaitwaje kwingine.

VANILA NA SUBIRA

Tangu miaka ya 1990 baadhi ya wakulima wa Bukoba na Muleba wamepanda vanila katika vibanja vyao. Zao hili ni mwalimu mkali. Ua lake huchanua kwa muda mfupi na halina mdudu wa kulichavusha katika nchi hizi, hivyo lazima lichavushwe kwa mkono. Njia inayotumika duniani kote iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12, Edmond Albius. Mtoto Mwafrika asiyepata hata mshahara aliipa dunia ufundi huo.

Baada ya kuchavushwa, maharagwe ya vanila hukaa mtini miezi tisa hivi. Kisha hutiwa katika maji ya moto kwa dakika chache, hufunikwa yatoe jasho, huanikwa kidogo kidogo na kutulizwa ndani ya masanduku kwa miezi. Kilo tano au sita za mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu yenye harufu. Thamani yote iko katika subira hiyo. Anayechuma mapema kwa kuogopa wezi huvuna kitu kisicho na harufu, na anayeiba huiba kitu hicho hicho.

Vanila ina hatari yake pia. Baada ya kimbunga kuipiga Madagascar mwaka 2017 bei ilipita dola 500 kwa kilo, kisha ikaporomoka. Aliyepanda kwa kuitazama bei ya mwaka mmoja aling'oa kwa hasira mwaka mwingine. Zao la namna hii lifaa kuwa la tatu au la nne katika kibanja, na lisimng'oe mgomba unaolisha watoto.

MTUMISHI: MLANGO AU UKUTA

Ndugu watumishi, nafasi zilizotajwa zinapita katika ofisi zenu. Mama anayefunga senene au unga wa ndizi anahitaji kusajili jina la biashara, leseni, uchunguzi wa afya za wafanyakazi, ukaguzi wa jengo na alama ya ubora. Kila kimoja kina sababu yake. Lakini kikidaiwa na dirisha lake, kwa siku yake na kwa nauli yake, mtaji wake huishia stendi. Serikali yenyewe ilikiri jambo hilo mwaka 2018 ilipotoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ikaeleza wingi wa mamlaka zinazofanya kazi zinazofanana. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, ili chakula kiwe na msimamizi mmoja katika mambo hayo.

Vyombo vya msaada vipo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kasoro zile zilikuwa na sura ya vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya kupokea fedha badala ya kufanya kazi. Afisa maendeleo anayeidhinisha kikundi cha usindikaji bila kuona kaushio, mizani na daftari la mauzo anakitia kikundi hicho katika deni, na anamnyima mkopo yule aliyestahili.

Aidha, mkaguzi mwema hufika kabla ya kosa. Akimweleza mama huyo wapi aweke sinki, mlango uelekee wapi na tarehe iandikweje katika lebo, amejenga kiwanda. Akifika siku ya kwanza na karatasi ya faini, ameua kiwanda, na mlaji hakupata usalama wowote, kwa maana mama huyo ataendelea kuuza gizani.

Faida ya alama ya ubora si ya ndani tu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja yapaswa kutambuliwa na nchi nyingine wanachama. Kutoka Bukoba, mpaka wa Mutukula na mji wa Kampala uko karibu mno kuliko Dar es Salaam. Mwenye alama hiyo hupita mpakani mchana. Asiyekuwa nayo hupita kwa njia za panya, na afikapo hupangiwa bei na anayemficha.

Upande mwingine, masoko ya mbali yanazidi kudai maandishi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa iingiayo huko ithibitishwe kuwa haikutoka katika ardhi iliyokatwa msitu hivi karibuni, shamba kwa shamba, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata soko hupotea bila daftari.

MWALIMU NA MIZANI

Ndugu walimu, mwaka 1967 taifa lilihimizwa kufuata Elimu ya Kujitegemea. Katika shule nyingi maneno hayo yaliishia katika jembe, na jembe likaishia kuwa adhabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Usipopata vitendo nao utageuka kuwa jina jingine la jambo lile lile.

Somo la usindikaji halihitaji karakana kubwa. Wanafunzi wapime ndizi kabla ya kumenya, baada ya kumenya na baada ya kukausha, wapate uwiano. Wahesabu bei ya unga kwa kutia ndizi, kuni, kazi, kifungashio, nauli na uchakavu wa vifaa. Waweke pakiti mbili, moja ya unga uliokauka vizuri na nyingine ya uliokauka nusu, wazitazame baada ya mwezi. Katika zoezi hilo moja mna hisabati, sayansi, biashara na Kiswahili cha kuandika lebo isiyodanganya. Mtoto aliyeona ukungu kwa macho yake hatauza unga mbichi akiwa mtu mzima.

Zaidi ya hayo, shule yenyewe ni soko. Wanafunzi hunywa uji, na mabweni hula maharage na dagaa. Shule, hospitali na magereza ya Bukoba na Muleba yakinunua unga wa lishe na dagaa wa chanja kutoka kwa vikundi vya wilaya zao, kwa mikataba yenye kipimo cha ubora na malipo yasiyocheleweshwa, kikundi kitapata kile ambacho hakuna mkopo uwezao kukipa, yaani mteja wa uhakika. Neno la malipo lisipitwe upesi. Taasisi inayonunua kwa kikundi kidogo na kulipa baada ya miezi sita imekikopa kikundi hicho mtaji wake wote. Ni heri isinunue.

KUANZIA PANAPOWEZEKANA

Kwa kuyakusanya yote, hatua zinazowezekana ni hizi. Malighafi ichumwe ikiwa imekomaa, na mkulima apewe uwezo wa kusubiri. Ukaushaji utolewe juu ya mchanga na ardhi, uwekwe juu ya chanja na chini ya paa. Kila kikundi kichague bidhaa moja na kuifanya kwa kipimo kile kile mwaka mzima, kabla ya kuongeza ya pili. Mauzo yaanze jirani, katika shule, hospitali na mitaa ya mjini, kisha yavuke ziwa na mpaka. Na ofisi zihesabu mafanikio yake kwa viwanda vidogo vilivyodumu miaka mitatu. Idadi ya semina haionyeshi chochote.

Bukoba na Muleba hazikosi ndizi, kahawa, samaki wala akili. Wazee wa huko walijua kuipika kahawa, kuikausha, kuitia katika kikapu kizuri na kumpa mgeni kwa heshima, naye akaenda akaitangaza kwao. Kazi iliyobaki kwa kizazi hiki ni kutia mizani, usafi uliothibitishwa na jina la mtengenezaji juu ya kikapu hicho. Gunia litaendelea kuondoka, kwa maana biashara ni safari. Lakini gunia likiondoka na thamani yote ndani yake, aliyelijaza atabaki na kamba ya kulifungia tu.